Ukingo wa Kemunto Usio na Samaki

Kila Jumapili ya pili ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, Kemunto huegesha kigari chake cheupe kando ya mto Cole, hushusha kiti cha kukunja na chupa ya chai, hukaa kwenye ukingo ambao hauna samaki hata wa dawa, na hunywa chai yake mpaka iishe. Msimu ukiwa wazi huja na fimbo ya kuvulia. Ndoana haji nayo. Mshipi wake huingia majini ukiwa na chubwi tupu mwishoni, kile kipande cha risasi cha kuuzamisha. Wapita njia wenye mbwa humsalimu kwa huruma, kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo kilichofungwa.

Anajua anachofanya. Anayefanyiwa ndiye hajui, na kwa kuwa mtu huyo hasomi kitu chochote kirefu kuliko ujumbe wa wasap, naweza kueleza hapa bila wasiwasi. Jina la daraja lililo karibu na ukingo tu ndilo sitalitaja. Ukingo ule ulimchukua Kemunto miezi mitatu kuutengeneza, sitaki uharibiwe na mdomo wangu.

Kemunto ni mtu wa Nyamira, milimani, mahali ambapo samaki hufika akiwa amekaangwa tayari, amefungwa kwenye gazeti, macho yamekauka. Mpaka anatimiza miaka arobaini na mbili hakuwahi kumwona samaki mwenye safari zake. Birmingham alikuja kusomea uuguzi, akasoma mpaka akagundua kwamba karo ya huku inazaa, akaacha, akaingia kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Nyumba sita kwa siku: kuogesha, kulisha, kuvisha soksi, kuhesabu vidonge. Anaishi Acocks Green na binti yake Kendi, ambaye huulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, na wote wawili wanaona hayo ndiyo mazungumzo. Kazi imempa mgongo mbovu na mikono ya ajabu. Anaweza kumgeuza kitandani mzee wa kilo tisini bila mzee kuamka.

Na hasemi uongo. Sisi tunaosali naye Jumamosi katika kanisa letu la Wakenya tunalijua hilo vizuri. Ukitaka kumuuliza kama nguo imekukaa, tafuta kwanza mahali pa kuketi.

Nyumba ya nne kati ya zile sita ilikuwa ya Mzee Sukhdev, Hall Green. Mzee ni Kalasinga wa Kisumu, mtoto wa fundi wa reli. Alikuja Birmingham mwaka 1967, akayeyusha chuma kiwandani miaka thelathini na moja, chuma kikaenda kwa wenyewe, moshi ukabaki kifuani mwake. Sasa anapumua kwa mashine iliyo kando ya kiti. Kiswahili chake kiliganda mwaka ule ule aliopanda ndege. Siku ya kwanza Kemunto alipoingia na jina lake kwenye beji, mzee alilisoma, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, wewe natoka Kisii. Chai yangu hapana weka maziwa ya baridi."

Kilichomtesa mzee si mapafu, ni mto. Cole inapita dakika kumi kutoka mlangoni kwake, na yeye hawezi kufika getini. Ukumbini kuna fimbo tisa za kuvulia ndani ya mifuko ya kitambaa, zimesimama kama wageni ambao hawajakaribishwa. Kemunto akimwosha miguu, mzee alikuwa anafundisha. Mwanzoni Kemunto alisikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani. Halafu Jumapili moja mzee akamwambia abebe ile fimbo fupi, aende aangalie tu, arudi kumwambia maji yana rangi gani. Akaenda. Jumapili iliyofuata hakuhitaji kutumwa.

Alifundishwa kuangalia maji kabla ya kufungua mfuko. Nusu saa, mikono mifukoni. "Hapana angalia mto yote," mzee alisema. "Angalia pale maji ya mbio nakutana na maji ya kulala. Samaki nakaa kwa kulala, chakula napita kwa mbio." Samaki wa mzee ni sangara wa huku, binamu mdogo wa yule mbuta wa Kisumu: mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu, miiba mgongoni. Huyu hakai peupe. Anataka mzizi, nguzo ya daraja, mti ulioanguka, kitu cha kujibanza nyuma yake kama mtu anayekwepa mchango wa harusi.

Kumvua kwake ni kazi ya kidole. Chubwi unaifunga mwishoni kabisa mwa mshipi, na ndoana unaiweka shubiri moja juu yake, imechomekwa funza wa mpira asiyezidi kidole gumba. Unarusha karibu na mzizi, unaacha chubwi itulie chini, kisha unatikisa ncha ya fimbo kidogo mno, funza acheze na chubwi isisogee. Sangara mkubwa hashambulii. Anakugusa tu, kama mtu anayekupapasa bega kanisani ili umpishe. Hapo ndipo wengi huvuta kwa pupa na kubaki na hadithi. Unahesabu moja, mbili, ndipo unainua.

Usiku akirudi kazini Kemunto aliwatazama Wamarekani kwenye simu, wale wanaovua samaki wao wanayemwita bass, ambaye tabia zake na za sangara ni za nyumba moja. Wanaume wa makofia makubwa, wanapiga mayowe ndani ya maboti yanayokimbia kuliko gari lake. Alizima sauti akatazama mikono. Miaka miwili baadaye alikuwa anarusha funza chini ya matawi, kwenye nafasi ya ukubwa wa sahani, bila kutikisa jani.

Kulikuwa na samaki mmoja hasa. Chini ya mti fulani unaoinamia maji, pale mizizi ilipochimba pango, aliishi sangara jike ambaye pezi lake la mgongoni lilikuwa limepasuka katikati. Mzee Sukhdev aliwahi kumshika mara moja, mwaka wa mwisho alioweza kutembea, akampima sentimita thelathini na tatu, akamrudisha. Tangu hapo alikuwa anamfikiria kama watu wanavyomfikiria mtoto aliye bweni. Atakuwa amefika wapi sasa? Daktari alikuwa amesema maneno fulani kuhusu kifua cha mzee na majira ya baridi, na siku hiyo hiyo mzee akamshika Kemunto mkono.

"Ile bibi, mimi nataka ona mara moja tena. Kwa simu tu. Ona, kisha wewe narudisha yeye nyumbani."

Kemunto akaahidi. Ukishajua kwamba mtu huyu hasemi uongo, utaelewa uzito wake. Alimtafuta yule samaki majira matatu ya baridi. Mara mbili alimnasa. Mara ya kwanza mshipi ulikatikia kwenye mzizi. Mara ya pili aliliona lile pezi likitoka majini, limepasuka kama ukurasa, kisha ndoana ikachomoka. Alirudi akamsimulia mzee kila kitu, na mzee akacheka mpaka mashine ikalia.

Ndipo akaingia Bethuel.

Bethuel ni mwenyekiti wa wanaume kanisani kwetu. Ukitafuta picha yoyote ya kanisa, yuko katikati. Kama hayuko katikati, picha imekatwa. Mwezi wa tisa mwaka juzi alipoteza kazi ya bohari, akawa anashinda ndani akigombana na televisheni, na mke wake akamwomba Kemunto amtoe kidogo, ampeleke huko mtoni anakokwenda yeye, apate hewa. Kemunto akamhurumia. Ndilo kosa lake peke yake katika habari hii yote.

Mwenyekiti alikuja amejiandaa. Alikuwa ameagiza mtandaoni vifaa vya bass vya Marekani: fimbo ndefu kama mlingoti wa bendera, vyambo bandia vya ukubwa wa kiatu cha mtoto vyenye ndoana tisa kila kimoja, miwani ya jua katika mwezi wa kumi, na kizibao chenye mifuko kumi na minne ambayo ndani yake hamkuwa na kitu. Mto wenyewe pale unauvuka kwa hatua nne. Kemunto alimpa fimbo fupi ya mzee, akamfungia funza, akamweleza habari za maji ya mbio na maji ya kulala. Bethuel aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akauliza kilichomleta.

"Lakini sister, wenyewe hukaa wapi hasa?"

"Wenyewe watu au wenyewe samaki?"

"Si ni kitu kimoja?"

Elimu yake ya uvuvi iliishia hapo. Bethuel hasomi maji, anasoma nyasi. Akiona majani yamelala, kijiti cha kuegemeza fimbo kimesimikwa, ganda la chungwa limeachwa, kwake hiyo ni hati ya shamba. Mahali penye alama za mtu ndipo penye samaki, na kazi ya mvuvi ni kufika kabla ya mwenyewe. Kemunto aliliona hilo siku ile ile, akalichukulia kama ugonjwa mdogo. Akamwonyesha mti. Akamweleza kuhusu bibi wa pezi lililopasuka, na Mzee Sukhdev, na ahadi. Akamwambia pia sheria ya mito ya huku, kwamba sangara aliyezidi sentimita ishirini anarudishwa majini, upende usipende. Bethuel akasema amina.

Mwezi wa pili, Jumamosi moja baada ya ibada, tukakaa kula pamoja kama kawaida, kila nyumba na chakula ilichopika Ijumaa kabla jua halijazama. Bethuel akaingia na sinia imefunikwa. Akasimama mbele, akatangaza kwamba Mungu ni mwema, na kwamba hii ni zawadi kutoka mtoni, mahali alipopagundua yeye mwenyewe na kupaita Kona ya Mwenyekiti. Watu wakapiga makofi. Samaki alikuwa ameungwa na nyanya na dania, na mayai yake yamekaangwa pembeni. Kila mtu alipata kipande kidogo. Kemunto, kwa heshima ya kuwa mvuvi mwenzake, alipewa tumbo pamoja na mayai. Alikula. Alimwambia mke wa Bethuel kwamba mkono wake una baraka.

Jua lilipozama, Sabato ikaisha na simu zikawashwa, picha ikaingia kwenye kundi la kanisa. Bethuel katikati, kama desturi, kizibao kimefungwa mpaka shingoni, na mikononi mwake sangara mrefu kuliko kigasha chake. Pezi la mgongoni lilikuwa limepasuka.

Kemunto alimpigia usiku huo huo. Hakupiga kelele, hajui kupiga kelele. Alimuuliza kama anakumbuka alichoambiwa. Bethuel alicheka kicheko kile cha mtu aliyeshiba.

"Sister, ni samaki tu. Na wewe si ulikula? Tena nasikia ulisifu."

Nadhani angesema pole, pale pale, mambo yangeishia hapo. Kemunto ni mtu wa kusamehe, anasamehe mabosi. Lakini ile "si ulikula" ilimkaa kooni kama mwiba, na haikutoka.

Jumatatu alimweleza mzee. Akamwonyesha picha kwa sababu aliulizwa. Mzee Sukhdev alipima samaki kwa kutumia mkono wa Bethuel, akatamka arobaini na moja, kisha akauliza kuhusu mayai. Kemunto akasema tumbo lilikuwa limejaa. Mzee aligeuza uso akatazama ukuta mpaka soksi zote mbili zilipokwisha kuvaliwa.

Wiki ile mti nao ukafa, kwa namna yake. Wanaume sita wa kanisa walikwenda kuiona Kona ya Mwenyekiti. Walikata matawi ili warushe vizuri, wakakanyaga mizizi mpaka pango likaporomoka, wakaacha makopo. Kemunto alisimama pale Jumapili akihesabu vishina.

Mzee alitaka aitwe mtu wa serikali anayelinda mito. Faini yake si ya mchezo. Kemunto akakataa. Kwetu humwitii Mkenya mwenzako mtu mwenye kitambulisho cha serikali, hata kama ni wa samaki. Hujui karatasi za mtu zimefika dirisha gani, na neno moja likiandikwa kwenye faili halifutiki. Alichotaka yeye kilikuwa kidogo kuliko faini na kikubwa zaidi. Alitaka Bethuel asimame mbele ya watu wale wale waliompigia makofi, mkono mtupu, na asijue kwa nini. Na alitaka kumpatia mzee samaki wake mwingine kabla ya baridi kurudi.

Mzee alifikiri siku mbili. Ya tatu alimngoja Kemunto huku anatabasamu. Zamani kiwandani, akasema, Wazungu wa chama cha uvuvi walikuwa wanamfuata mtoni kuiba mahali pake. "Basi mimi najenga nyumba ya uongo," akasema. "Wao nahamia."

Akamweleza inavyojengwa.

Mahali palipochaguliwa ni pale mto unaponyooka kama barabara. Maji ni ya kifundo cha mguu, chini kokoto safi, hakuna mzizi, hakuna kivuli, jua linapiga tangu asubuhi, na mbwa wote wa mtaa huoga hapo. Sangara akipita hapo huenda anapita kwa aibu. Kemunto akaanza kuhamia. Jumapili tatu za mwisho wa msimu alikaa pale na fimbo isiyo na ndoana, akikanyagakanyaga nyasi upande mmoja na kuziacha upande wa pili, ili ukingo uonekane una mwenyewe. Akasimika kijiti cha panda. Akamwaga majani ya chai mahali pamoja kila mara. Katikati ya mwezi wa tatu mito ilipofungwa kwa ajili ya samaki kutaga, fimbo ikabaki nyumbani, ila kiti kikaendelea kuja. Hakuna sheria inayokataza mwanamke kunywa chai. Alikuwa anatoka kazini na sare yake, mgongo unauma, anakaa dakika arobaini, anasuguasugua visigino ardhini mpaka udongo unaonekana. Nilimwona mara moja nikipita na baiskeli. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayefuma.

Gari aliliacha barabarani, mahali ambapo mtu wa Acocks Green akienda dukani lazima alione.

Bethuel aliliona wiki ya pili. Kemunto hakumwambia kitu mpaka alipoulizwa. Kanisani Bethuel alimuuliza kwa ujanja wake wa mtu mzima, viatu vyako mbona vina tope, sister, na Kemunto akamjibu kwamba siku hizi anakaa mtoni, na akamtajia mahali. Ni kweli alikuwa anakaa. Kufikia mwezi wa nne kijiti cha panda kilikuwa kimesogezwa. Kufikia mwezi wa tano kulikuwa na alama za viatu vya saizi kumi na moja kando ya zake, na mtu alikuwa amepima ukingo kwa hatua.

Wakati huo huo mzee alimpa kitu ambacho hakuwahi kumpa mtu. Alikuwa na mahali pa pili. Huko hufiki kwa njia yoyote ya miguu mikavu. Unaingia majini chini ya ukuta wa matofali ya zamani, unatembea mpaka maji yanafika mapajani, na pale ukuta unapopinda kuna shimo refu lenye mti uliozama. Hakuna nyasi ya kulala kwa sababu hakuna nyasi. Bethuel angepita juu ya ukuta ule miaka kumi bila kugeuza shingo. Kemunto alikwenda mara tatu bila fimbo, akasimama nusu saa, mikono mifukoni.

Mito hufunguliwa tarehe kumi na sita mwezi wa sita, na mwaka ule ikaangukia Jumapili. Bethuel akatangaza Siku ya Samaki. Kanisa zima likakaribishwa kwenye ukingo mpya, ambao kwa kuwa Kona ilishatumika aliuita Bandari. Yeye ataleta samaki, mkewe ataleta mafuta, karai na jiko la gesi, vijana wataleta soda, na akina mama wagawane vilivyobaki. Kwenye orodha ya wasap jina la Kemunto lilikuwa na neno moja mbele yake: ugali.

Aliamka saa tisa na nusu za usiku akasonga ugali wa watu ishirini na watatu. Akaufunga kwa taulo ndani ya boksi la barafu ili usipoe, akaufungia garini, akaenda zake chini ya ukuta wa matofali. Alimaliza shughuli zake kabla wengi wetu hatujapiga mswaki.

Sisi tulifika saa nne asubuhi. Bethuel alikuwa amekwisha kujipanga ukingoni na fimbo yake ya mlingoti, kizibao, miwani, na mpwa wa mtu akimrekodi. Mchungaji aliombea mto, akaombea karai. Mafuta yakawekwa motoni ili yawe tayari. Bethuel akarusha kile kiatu cha mtoto kwenye maji ya kifundo cha mguu, kikatua kwa kishindo, na mbwa mmoja akakimbia akakirudisha.

Saa tano akasema samaki wanazoea sauti zetu. Saa sita akasema jua limewapeleka chini, ingawa chini yenyewe tulikuwa tunaiona, kokoto moja moja. Saa saba akatuhamisha hatua kumi. Mafuta yalizimwa, yakawashwa, yakazimwa. Watoto walianza kuuliza kwa Kiingereza swali ambalo wazazi walikuwa wanaliuliza kimoyomoyo. Bethuel alinasa kitu mara moja tu, fimbo ikapinda, watu wakainuka, mchungaji akasema asante Yesu, na likatoka zulia dogo la gari.

Kemunto alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kijani, suruali yake ina mstari wa tope mpaka mapajani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Saa nane mke wa Bethuel, aibu imemkaa shingoni, akamuuliza taratibu kama alileta chochote. Kemunto akasimama, akafungua boksi, akafunua taulo. Ugali ulikuwa bado una joto.

"Na mboga?" mtu akauliza.

"Mimi niliandikiwa ugali," Kemunto akasema.

Tukala ugali na chumvi ya samaki. Watu ishirini na watatu, kila mmoja akitazama mbele yake. Mchungaji ni mtu wa kupenda amani, akatafuta la kusema, akamuuliza Kemunto kama yeye walau alijaribu bahati yake leo. Kemunto akajibu kwamba alijaribu asubuhi. Akapata? Alipata. Yuko wapi? Kemunto akampa simu.

Video ni ya dakika mbili. Simu ilikuwa imechomekwa kwenye upenyo wa ukuta. Unaona mikono tu, ile mikono ya kugeuza wazee, na ndani yake sangara wa sentimita arobaini na mbili kwenye kipimo, mapezi mekundu, amesimamisha miiba. Ndoana inatoka kama unatoa uzi kwenye shati. Kisha mikono inashuka majini, inamshikilia akiwa ametazama mkondo, haimsukumi, inangoja. Matamvua, yale mashavu ya kupumulia, yanafunguka, yanafungika. Halafu anapiga mkia mara moja na mikono inabaki mitupu.

Simu ilipita mkono hadi mkono. Kila aliyeitazama aliutazama ugali wake baadaye. Bethuel aliipata mwisho, akaitazama mara mbili, akavua miwani.

"Umemwachilia?"

"Nimemrudisha."

"Sister, watu hawa wana njaa."

"Yule wa pezi lililopasuka mlimla," Kemunto akasema, sauti ile ile ya kuulizia vidonge. "Nilikuonyesha mimi, nikakwambia ni wa Mzee Sukhdev, nikakwambia haliwi. Ukapaita Kona ya Mwenyekiti. Na ndiyo, nilikula, nikasifu. Leo nimekuletea ugali wake."

Mke wa Bethuel aliliinua karai la mafuta, akalifunika, akaenda kusimama upande wa akina mama, na hakumtazama mumewe mpaka tulipofungasha. Aliyekuwa anarekodi alikuwa bado anarekodi. Bethuel alitafuta mahali pa kuweka mikono yake, na katika mifuko yote kumi na minne hakupata.

Kemunto alienda moja kwa moja Hall Green, suruali bado ina tope. Mzee Sukhdev aliitazama video mara tano. Mara ya sita aliomba isimamishwe pale matamvua yanapofunguka. Hakuwa bibi yule, na wote wawili walijua. Mzee akagusa kioo cha simu kwa kidole, akasema huyu pia atapata watoto. Kisha akataka kusikia habari za zulia, na Kemunto akalazimika kuinyamazisha kengele ya mashine kwa sababu ya jinsi mzee alivyocheka. Baridi ya mwaka ule aliivuka. Hii ya sasa hatujui.

Ninyi mnadhani imeishia hapo. Wakati tunafungasha siku ile, Bethuel alimsogelea Kemunto peke yake. Nilikuwa karibu nakunja turubai. Hakuomba msamaha. Aliangalia nyasi zilizolala, kijiti cha panda, lile doa la majani ya chai, kisha akaangalia suruali yenye tope, na ungeona akili ikipanda ngazi moja moja.

"Ulimtoa hapa," akanong'ona. "Asubuhi, kabla hatujafika."

Kemunto alikunja kiti. Akaifungua chupa, akamwaga chai iliyobaki pale pale inapomwagwa siku zote, akampa kwaheri.

Tangu siku hiyo Bethuel yuko pale kila akipata nafasi. Amenunua fimbo nyingine. Amenunua kifaa cha kuonyesha samaki chenye skrini, cha kufungwa kwenye boti, akakifunga kwenye fimbo ya fagio. Kinamwonyesha kokoto. Mke wake anasema kwamba sasa anazungumza na maji. Uenyekiti aliuachia mwingine, kwa kuwa Jumapili hana nafasi ya vikao.

Naye Kemunto, Jumapili moja kwa mwezi, anapitia mapema, Bethuel hajafika. Nyasi huku hukua haraka, mvua ni nyingi, ukingo ukiachwa wiki sita unasahau. Kwa hiyo anakaa, anasugua visigino, anasimika upya kijiti, anakunywa chai. Mwezi uliopita alibeba kitu kwenye karatasi ya jikoni: magamba matatu ya sangara mkubwa, yaliyobaki kwenye wavu wake kule kwenye ukuta. Akayabandika moja moja kwenye jiwe lililo kando ya kijiti, mahali ambapo mtu wa saizi kumi na moja akiinama lazima ayaone.